Siku Niliyompa Mpangaji Wangu Cheo cha Mkwe

Chekeni kwanza, mmalize, ndipo niwaeleze, maana najua hapa Kasongo habari hii ilishafika sokoni, msikitini na kanisani kabla hata mimi sijafika nyumbani. Ndiyo, ni mimi, Mama Furaha, mjane mwenye heshima zake parokiani, niliyetembea mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, nimejifunika uso kwa kitenge kama mwizi wa kuku, na nyuma yangu kijana wa watu ananifuata polepole na pikipiki.

Yote yalianza na kodi. Tuliambiwa baraza la komine, yaani la mji wetu, linafikiria kutoza kodi kwa kila usiku ambao mgeni analala katika nyumba ya kupangisha, eti wageni wamekuwa wengi kwa ajili ya dhahabu, basi mji nao upate chochote. (Watalii, walisema pia. Mimi sijaona mtalii akija kupiga picha matope yetu.) Nina vyumba vitatu nyuma ya nyumba. Mume wangu alipofariki na Furaha, mtoto wangu wa pekee, akaenda kufanya kazi Lubumbashi, nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasalimia kuku, ndipo nikaanza kupangisha. Vyumba viwili mara nyingi ni vitupu. Cha tatu kilikuwa cha Safari.

Safari ni kijana wa Bukavu, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wa Lusangi, na akirudi mjini alikuwa analala kwangu. Chakula hakikuwamo katika mapatano, lakini siku ya kwanza nilimkuta mlangoni anatafuna mkate mkavu, nikamwita, na tangu hapo tukawa tunakula sahani moja: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Nyangwe akipatikana. Yeye ananisimulia njia mbovu, mimi namsimulia ugonjwa wa marehemu, hata mambo ambayo padri hajayasikia. Sasa nikawaza, kodi ikipita huyu atahamia kulekule machimboni, nami nitabaki natazamana na sufuria. Pesa haikuniumiza kichwa. Niliogopa kula peke yangu.

Siku baraza lilipotuita mkutanoni kuhusu kodi hiyo, mvua ilikuwa imeharibu njia, Safari akawasha pikipiki yake, akasema, "Mama, panda, nikufikishe." Nikapanda, nikamshika kiuno kwa mikono miwili (ule mteremko hauna mchezo), tukafika komine watu wote wamesimama uani wanatuona.

Ndani, Burugumestre, yule mkuu wa komine, akaeleza kwa upole kwamba jambo bado linajadiliwa, tena ndugu wa familia hawatahesabiwa kuwa wageni. Hapo ulimi ukaniponza. Nikasimama.

"Safari haiko mugeni, Bwana Burugumestre. Iko mukwe wangu. Ameoa Furaha."

Jirani yangu Mama Aziza, ambaye naye anapangisha, akapiga vigelegele, wanawake wengine wakaitikia, na mimi mjinga nikajikuta natabasamu kama mama mkwe wa kweli. Burugumestre akangoja watulie.

"Mama, huyu mukwe, si ndiye alikubeba sasa hivi na pikipiki?"

"Ndiye."

"Na ulimushika kiuno?"

Ninyi mnajua kwetu. Mama mkwe na mkwe hawashikani hata mkono, wakikutana njiani mmoja anaacha njia, na kula pamoja ndiyo usiseme. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akatolewa nje apate hewa. Ningeweza kusema ukweli palepale, yakaisha. Badala yake nikajibu, "Ndoa iko mupya, sijazoea."

Basi ili waone kwamba nimeshazoea, mkutano ulipokwisha nikakataa kupanda, nikavuta kitenge usoni, nikashika njia kwa miguu. Safari alikuwa amebaki nje na pikipiki yake, hajui lolote.

"Mama, panda! Jua iko kali! Nimekosa nini?"

"Usinisogelee, mukwe!" Soko lote likageuka. Kiatu kikanasa kwenye matope nikakiacha hapo, maana kurudi kukichukua kulikuwa ni kumkaribia.

Jioni akina mama wa parokia wakaja wakiimba, wanauliza mbuzi wa mahari wako wapi. Furaha naye akapiga simu: "Mama, nasikia nimeolewa. Huyo bwana iko muzuri angalau?"

Ningecheka, lakini kila saa ya chakula Mama Aziza alikuwa anachungulia juu ya ua. Kwa hiyo nikawa naweka sahani ya Safari kwenye kigoda mbele ya chumba chake, narudi zangu jikoni, yeye anakula kule anatazama ukuta, mimi nakula huku namsikia akikohoa. Uongo niliosema ili asiondoke ndio uliomwondoa mezani kwangu. Siku moja akasimama mbali, mfuko begani.

"Mama, mimi nilikuwa nakuja hapa juu ya mazungumuzo. Kulala, mutu analala popote."

Akahamia kwa Mama Aziza.

Nililia, sifichi. Kisha nikaenda komine na macho yangu mekundu, nikasema mbele ya wote waliokuwepo kwamba Safari ni mgeni, si mkwe, waniandikie kodi nitalipa. Burugumestre akanionea huruma.

"Kodi gani, Mama? Baraza haijaamua kitu. Tungali tunafikiri."

Nikatoka mbio kumtafuta. Nikamkuta kwenye njia nyembamba inayokwenda kwa Mama Aziza. Aliponiona akazima pikipiki, akainamisha macho, akaisukuma mpaka ndani ya majani ili nipite, kama mkwe wa kweli.

"Safari, nimewaambia ukweli. Njoo tule."

"Nimesikia, Mama. Siku ingine," akasema, bila kuinua uso.

Siku hiyo sijaiona bado. Nimeapa sitamwita tena mtu ndugu yangu kwa sababu ya kukwepa kitu. Kodi ikija na ije, nitalipa kila usiku na kila chumba, mradi aliyelala humo akae na mimi tule.