Gari ya Nabwire na Chungu cha Mtama

Mwanangu, jana nilikuona ukifunga mitambo ya gari yako ya rimoti kwa puto na gundi, ukiharakisha kabla ya mvua, na nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Nakumbuka siku moja ya mvua hapa mtaani Burumba, karibu na mpaka wa Uganda, miaka ile ya sabini na kitu, barabara ikiwa bado haijajaa maduka. Dadangu mdogo Nabwire alikuwa na miguu isiyotembea. Polio ilimpata akiwa ananyonya. Asubuhi tunamweka mlangoni kwenye mkeka, jioni tunamwingiza. Kaka yetu Wandera alikuwa utingo wa lori la tajiri mmoja, Karanja, lile la kupeleka chumvi Kampala kupitia Malaba. Safari moja akamletea gari kutoka Mombasa, ndogo kama kiatu, ina antena. Nabwire anashika rimoti hapo mlangoni, gari inaenda anakotaka yeye. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Dada, nimefika barabarani." Hakusema gari imefika. Alisema nimefika.

Halafu ikazama kwenye dimbwi mbele ya nyumba ya jirani yetu Mama Akello, ikanyamaza. Nabwire hakula. Na Wandera alikuwa aondoke kesho yake.

"Boss, usiende kabla haijaamka," Nabwire alimwambia. Alipenda kumtania kwa hilo jina.

"Itaamka leo, na haitakunywa maji tena."

Akaifungua, akapangusa vile visanduku vya ndani kwa shati lake, akavifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mimi nilishika mshumaa, akadondosha nta mpaka pale waya zinapotokea. Kukhu Taabu, nyanya yetu, akapita na ungo wake.

"Mmeianika?"

"Kukhu, hii si mtama," Wandera akacheka.

"Sijasema ni mtama. Nimeuliza kama mmeianika."

Wandera akadondosha tone la mwisho la nta. Jioni hiyo gari iliamka, ikapita katikati ya dimbwi bila kukohoa, na Nabwire alicheka mpaka pumzi ikamkatika. Wandera akasema, "Mtu asiifungue mpaka nirudi."

Uganda siku zile ilikuwa na shida zake. Malori mengine yalirudi, mengine hayakurudi. La Karanja halikurudi. Mama alikwenda Malaba kusimama mpakani, akiuliza kila dereva, akarudi na matope viatuni, bila habari yoyote.

Gari nayo ikaanza kushtukashtuka, ikawa inarudi nyuma yenyewe, kisha ikanyamaza kabisa. Hatukuthubutu kukata ile nta. Wandera alisema mtu asiifungue, na kuifungua ilikuwa kama kusema kwamba harudi. Nabwire akawa anailaza mapajani, anaipapasa tu.

Mwishowe Kukhu ndiye aliyechukua kisu. Nje nta ilikuwa nzima, hata tone jipya la maji halikuwa limeingia. Ndani kulikuwa na ule unyevu wetu wa siku ile. Waya zimekuwa kijani, ukizigusa zinakatika. Akainusa.

"Kila mwaka mnaniona nikianika mtama kabla sijaziba chungu kwa mavi ya ng'ombe," alisema. "Mlifikiri waya hazijui kuoza? Na ilipoanza kuugua, mlikuwa mnangoja nini?"

Hakuna aliyesema tulikuwa tunangoja nani. Alijua. Alikaa chini palepale na kisu mkononi.

Nabwire hakuomba tena kuwekwa mlangoni. Aligeukia ukuta, na mvua za mwaka uliofuata hakuziona. Daktari alisema ni kifua. Mimi sijui.

Basi, mwanangu, fungua hilo puto leo. Toa betri, anika vitu vyote penye upepo mpaka vikauke kabisa, ndipo ufunge, na pale waya inapotokea uzibe mara mbili. Siku gari ikinyamaza, usimngoje aliyeifunga; kata uangalie. Na mtu wako akinyamaza, fanya hivyohivyo, muulize akiwa bado anaweza kujibu. Sisi tuliilinda nta tukingoja lori. Kwa hilo sina faraja ya kukupa. Hata sasa nikisikia breki za lori pale barabarani, kichwa kinageuka chenyewe.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akurudishe kutoka kila safari, na anayekungoja umkute bado yuko mlangoni.