Kontena Lililofungwa Nikisalimia

Hasira niliyo nayo na ile kompyuta haijaisha, na sina mpango wa kuimaliza.

Nilikuwa nyumbani Ulemo, nikiomba kazi ya kuandika programu. Laptopu yangu imechoka, ukifungua mambo mawili inakwama, kwa hiyo kampuni iliyokuwa inanijaribu ilinipa nafasi kwenye kompyuta yao iliyoko mbali, unaifikia kwa intaneti. Nafasi hiyo wanaiita kontena. Ukiingia unakuta kila kitu tayari, unafanya kazi kana kwamba mashine ni yako. Si yako. Ukiacha kubonyeza kwa muda, inaamua umeondoka, inafunga na kuzima kila kilichokuwa kinaendelea. Mafaili utayakuta, lakini kazi iliyokuwa inatembea huikuti tena.

Jaribio langu lilikuwa mfumo wa kupokea mizigo ya alizeti ya wakulima. Alasiri nilitakiwa kumwonyesha mkuu wa timu, kwa simu ya video, mfumo ukifanya kazi na kumbukumbu zote zikiwa ndani. Kuziingiza, kazi ambayo mashine huifanya yenyewe ukishaianzisha, kungekula asubuhi nzima. Nilianza mapema, zoezi likawa linakwenda vizuri, nami nikikaa pale nagusagusa vitufe ili nisifungiwe. Ajira hii niliitaka kufa na kupona. Tangu nimalize chuo nilikuwa nakula kwa mama, na majirani walishaanza kuuliza nasubiri nini.

Mjomba akabisha hodi. Ni kaka mkubwa wa mama, anaishi Kinampanda. Kwetu mkubwa akiingia huwezi kubaki umeinamia kioo. Nikainuka, nikampokea mfuko, nikapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Za Kinampanda?"

"Nzuri tu."

Kila anayejua salamu za kwetu anajua kwamba hiyo "nzuri tu" haijamaliza kitu. Habari mbaya haisemwi mlangoni. Unauliza mvua, ng'ombe, shamba, watoto mmoja mmoja, naye anajibu taratibu huku anakunywa maji. Nilipofika kwa mke wake, ndipo sauti ikashuka: amelazwa, hali si nzuri. Mama akaanza kulia. Sasa niambie, hapo ningesema nini? Samahani mjomba, nikabonyeze kitufe?

Niliporudi, kontena lilikuwa limefungwa. Zoezi lilikatwa karibu na mwisho, na hapakuwa na muda wa kulirudia. Kilichoniudhi mpaka machozi yakanitoka ni kwamba kazi ilikuwa inaendelea! Mashine ilikuwa inaifanya yenyewe, inaiona, kisha ikaizima kwa sababu tu vidole vyangu havikuwa juu ya vitufe. Aliyepanga hivyo anadhani mtu asiyebonyeza amelala.

Alasiri nilimweleza mkuu wa timu yote, hata ya mgonjwa. Alisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Sasa si ungeweka kale kaprogramu ka kubonyeza kenyewe? Wenzako wote wameweka."

Yaani walikuwa wanajua. Wanajua muda wao ni mfupi kupita kiasi, wanajua watu wanaudanganya, na bado hawaurefushi wala hawaihesabu kazi inayotembea. Wenzangu pengine walikuwa sokoni, mfumo ukiwaandika wapo. Mimi niliyekuwa chumba cha pili nimeandikwa sipo.

"Kwa nini msirekebishe muda wenyewe?" nikamuuliza. Sauti yangu ilipanda, sikuishusha, na leo nisingeishusha. "Mnataka mfanyakazi au mnataka kidole?"

Akacheka kidogo, akasema wanatafuta mtu anayejiongeza. Nafasi wangempa mwingine. Akanitakia kila la heri, akakata.

Nilipogeuka, mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, tayari kurudi hospitali. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kazi imekupita kwa sababu nilikuja?"

"Hapana mjomba. Ni umeme tu, ulikatika asubuhi."

Friji la mama lilikuwa linanguruma pembeni yetu, na asubuhi ile ile alikunywa maji ya baridi yaliyotoka humo. Akalitazama, akanitazama mimi, akavaa kofia yake.

"Umeme wa siku hizi," akasema.