Taa Nyeupe Nilizopeleka Harusini

Ndugu zangu, aibu mimi naijua vizuri. Nimewahi kukoroma kanisani wakati wa sala ya kimya, na hilo nilisimulia mwenyewe tukacheka. Lakini hili la harusi ya binti wa Lam nimekaa nalo miaka minne bila kulisema, na leo nalisema tu kwa sababu mke wangu ameshalifikisha mpaka mji wa Richfield, na afadhali mlisikie kwangu mimi mwenye kosa.

Lam nilifanya naye kazi katika kiwanda kimoja cha pampu kule Fridley, laini moja, bega kwa bega, miaka kumi na miwili. Ni Mchina wa Vietnam, alifika huku Marekani, Minnesota, kama mkimbizi muda mrefu kabla yangu, akajenga maisha yake mtaa wa Frogtown, nami nikapanga mitaa miwili kutoka kwake. Kwa kuwa macho yangu na theluji hayaelewani, yeye ndiye aliyenipitia kila alfajiri kwa gari lake, na hakuwahi kuniacha hata siku moja. Nilimfundisha neno moja tu la Kiswahili, bwana, akalipenda, akawa anamwita hivyo mpaka msimamizi wetu wa kike.

Sasa mwaka ule binti yangu wa mwisho, Rehema, alihitimu chuo huko Malaysia, na kaka zake wakanikatia tiketi niende kwenye mahafali (mama yake aliogopa safari ndefu ya ndege, akasema yeye picha zitamtosha, kumbe hapo ndipo balaa lilipopata mlango). Nikanunua kamera. Si ya kwenye simu, kamera yenyewe, yenye mkanda wa shingoni na lenzi inayotoka na kurudi kama kichwa cha kobe.

Baada ya mahafali Rehema alinipeleka Melaka, mji wa zamani wenye vichochoro vyembamba, na jua likishazama tu huwashwa taa za karatasi nyekundu zilizotundikwa kutoka paa hili hadi paa lile, basi mtaa mzima unakuwa kama uko ndani ya papai lililoiva: kuta nyekundu, baiskeli nyekundu, hata uso wa mwanangu mwekundu. Nilipiga picha mpaka Rehema akachoka, akaketi kula barafu yenye maharage (ndiyo, barafu na maharage, na ni tamu), nami nikakata kona peke yangu.

Huko nyuma hakukuwa na taa nyekundu. Mbele ya nyumba moja zilining'inia taa mbili nyeupe, kubwa, zenye maandishi ya Kichina, na chini yake kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na watu wametulia, wamevaa nguo nyeupe, wengine wana kipande cha kitambaa kwenye mkono wa shati. Nikasema moyoni, hii ndiyo picha, zile nyekundu kila mtalii anazo. Nikapiga. Kijana wa nyumba ile akaja, akanipa kiti, akaniwekea karanga, chai na kipande cha uzi mwekundu. Nikatafuna karanga, uzi nikaufunga kwenye mkanda wa kamera uwe pambo, nikamwonyesha dole gumba kila aliyenitazama, nikaondoka nimeridhika.

Mimi huyo huyo niliyekulia Morogoro, niliyepanga viti vya misiba tangu ndevu hazijaota, niliyelala matangani siku zisizo na hesabu. Turubai, viti, watu kimya, mgeni anapewa cha kutafuna bila kuulizwa ametoka wapi. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Lakini jicho langu moja lilikuwa kwenye kamera, na lingine nilikuwa nimelifumba.

Niliporudi, watu wa kanisani wakaziona zile picha nyekundu wakaanza kuniita mpiga picha wa kimataifa, nami (hapa najilaumu mwenyewe) nikawa naitika. Kwa hiyo Lam alipotualika kwenye harusi ya binti yake mwezi wa tatu, kichwa kilikuwa kimeshavimba. Mke wangu alinishauri mapema. "Baba Rehema, wenzetu wanatoa bahasha," aliniambia. "Tutie yetu kwenye sanduku, tule, turudi nyumbani." Nikamwambia bahasha husahaulika, lakini picha itakaa ukutani mpaka wajukuu waione. Nikaipeleka ile ya taa nyeupe ikachapwa kwenye turubai la wachoraji, upana wa mikono yangu miwili, ikatiwa fremu. Nilichagua nyeupe kwa sababu ya shela ya bibi harusi. Mke wangu sikumwonyesha, nilitaka ashangae na wengine, nikaifunika kwa kitenge chake.

Ukumbi ulikuwa pale University Avenue, na ndani kila kitu chekundu, vitambaa vya meza, maua, sanduku la bahasha. Ningeiacha zawadi yangu pale kwenye sanduku, ingefunguliwa nyumbani, aibu ikawa ya watu watano. Lakini sisi kwetu zawadi haiachwi mlangoni kama viatu, hupelekwa mbele kwa kucheza. Nikamwomba mshereheshaji kipaza sauti, nikaibeba picha kichwani, nikaanza kusogea mdogo mdogo, mke wangu nyuma yangu anapiga vigelegele, na wageni, ambao hawajawahi kuona kitu kama hicho, wakasimama wakapiga makofi na kutoa simu zao. Nilipofika mbele nikasema hii imetoka mbali, ni kwa ajili ya nyumba yenu mpya, nikavuta kitenge.

Vigelegele vilikatika katikati.

"Baba Rehema," mke wangu alisema polepole, na kipaza sauti changu kikaisambaza sauti yake ukumbi mzima, "hawa wamefiwa."

Nikaitazama picha yangu, na kwa mara ya kwanza nikaiona. Mama yake Lam, bibi wa miaka themanini na zaidi, aligeuza uso ukutani. Bibi harusi alimshika mumewe mkono. Mke wa Lam akavuta kitambaa cha meza iliyokuwa karibu, vikombe vikalia, akaifunika ile picha kwa wekundu wote alioweza kuupata. Lam akaja, akanitoa kipaza sauti mkononi taratibu, akasema maneno machache kwa lugha yao, muziki ukapigwa, kisha akaniambia, "Keti, bwana. Kula." Nilikula. Mpaka leo sijui nilikula nini.

Jumapili mke wangu hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Jumatatu alfajiri nilisimama dirishani nimevaa koti, kamera mkononi, nikiangalia theluji na kujiuliza kama lile gari litakuja. Dakika za kawaida zikapita. Zikapita nyingine. Nikaanza kuvua glavu, ndipo taa zake zikakata kona.

Niliingia nikaomba radhi, bila kusema "lakini" hata mara moja, nikamwekea kamera mapajani kama mtu anayesalimisha bunduki. Lam aliniambia kwao taa nyeupe hutundikwa msibani, na mama yake hajalala siku mbili, anaogopa nimeiletea mkosi ndoa ya mjukuu wake. Kisha akaugusa ule uzi mwekundu kwenye mkanda.

"Huu walikupa wenyewe?"

Nikamwambia ndiyo. Akanieleza kwamba uzi ule hupewa mgeni wa msiba ili mkosi usimfuate, na mgeni huutupa kabla hajafika kwake. "Wewe umeuvusha bahari, bwana," alisema, na mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akalisogeza gari pembeni ya barabara, akafungua dirisha, akaufungua uzi na kuutupa kwenye theluji. Alipojifuta macho akauliza, "Karanga zao ulikula. Pole uliwapa?"

Sikuwapa.

"Basi wape. Mama anasema picha irudi kwa wenyewe."

Nikaandika barua ya pole, Lam na mama yake wakaiandika upya kwa Kichina, na Rehema, aliyekuwa bado kule, akachapisha nakala ya picha ile akaipeleka mlangoni kwao kwa mikono yake. Ile kubwa mama yake Lam aliihifadhi mwenyewe, imefungwa kwa kitambaa chekundu, na sikuuliza zaidi.

Rehema akanipigia. Marehemu alikuwa mama mshonaji, na mtoto wake mkubwa aliipokea picha akilia, kisha akaleta albamu ya msiba. Ukurasa wa mwisho nilikuwepo mimi, mashavu yamejaa karanga, dole gumba juu. Walikuwa wamebishana miezi mitano mimi ni nani, shangazi akashikilia kwamba lazima nilikuwa mteja wa zamani wa marehemu, na wakaomba jina langu waliandike chini. Walinitumia nakala ya ukurasa ule. Mama yake Lam alipoonyeshwa alicheka hadi akashika mbavu, akaagiza niitwe nikale kwake, na safari hii chakula nakikumbuka: bata. Ile ndoa, Mungu ni mwema, ina watoto wawili.

Nakala iko sebuleni kwetu, mke wangu ndiye aliyeitundika, na mgeni hanywi chai kabla yeye hajamsimulia. Picha bado napiga. Ila nikiona turubai na viti nje ya nyumba ya watu, iwe Frogtown, iwe Morogoro, kamera inaingia kwanza ndani ya koti, naketi, nauliza kama ni heri au ni shari. Na dole gumba, kwa amri ya mke wangu, linabaki mfukoni.