Mama Futi na Gauni la Kutupa

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Watu humwita Mama Futi, kwa sababu akikusalimia tu ameshakupima kiuno kwa macho. Ni dada mkubwa wa baba, na ana mdomo, tena mdomo haswa. Ugomvi wake na wateja huanzia kwenye pindo ukaishia kwenye ukoo.

Baba alipofanyiwa upasuaji wa mguu, kidonda kiliingiwa na vijidudu sugu, vile vinavyoicheka dawa. Wakamhamishia chumba cha peke yake mwisho wa korido. Mlangoni wakabandika tangazo: kila anayeingia avae gauni la kutupa na glavu, akitoka avivue humo humo na kunawa mikono.

Baba yakamchoma. Alituona sisi wanawe tukiingia na maglavu yetu, akasema, "Kumbe mnanionea kinyaa," akageukia ukutani. Chakula akakisusa. Uji ukawa unarudi kama ulivyokwenda. Daktari akatuambia wazi kwamba asipokula kidonda hakitafunga, na mguu unaweza kukatwa. Nikasema haya, dawa ya moto ni moto, nikamwita shangazi.

"Huyu nimembeba mgongoni, leo nimvalie mfuko?" akamfokea muuguzi wa zamu, mwanamke mfupi, mpole wa sauti na mgumu wa mengine yote.

"Mama, vijidudu vinadandia nguo. Chumba cha jirani kuna mzazi ana mshono. Utampelekea?"

Shangazi akanywea, akavaa. Lakini lile gauni! Mgongo wazi, bega halipo, kamba zimepachikwa ovyo ovyo. Roho ya ufundi ikamwasha. Baba naye alimtupia jicho moja tu, akaziona glavu. "Hata wewe, dada," akasema, na ukutani akarudi.

Kesho yake nikapita kwa shangazi kazini. Nikakuta gauni la wodini liko mezani, limefumuliwa, juu ya suti ya mteja! Kumbe jana, badala ya kulitupa, alikuwa amelikunja akalitia kwenye pochi.

"Nalitia bega," akasema, pini mdomoni. "Siwezi kwenda kumwona mgonjwa nimevaa gunia."

Nilipiga ukelele, jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani ni moto. Tukampigia muuguzi. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Gauni likafungwa kwenye mfuko, meza ikapigwa dawa, shangazi akasugua mikono mpaka viwiko, suti ikafuliwa kwa maji ya moto. Suti ikarudi ndogo. Mteja aliambiwa amenenepa.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, muuguzi alimsimamisha mlangoni na gauni la mazoezi. "Leo huingii, mama, mpaka ujue kuvaa na kuvua."

Kuvaa hakukuwa na neno. Kwenye kuvua akashika kifua cha gauni kwa mkono mtupu.

"Rudia."

Akarudia, akajikuna pua na glavu.

"Rudia, mama."

"Mwanangu, mimi nimevalisha maharusi kabla hujazaliwa!"

"Kuvalisha unajua. Kuvua ndiyo shida."

Korido nzima ikacheka. Jasho likamtiririka shangazi, lakini hakuondoka, na mimi namjua, kwa maneno nusu ya hayo amewahi kumfukuza mteja. Nilipochungulia kwenye kioo cha mlango, baba alikuwa ameinua kichwa anatutazama.

Hatimaye shangazi akaruhusiwa. Akaingia na bakuli la uji, gauni limempwaya, glavu mpaka kwenye vifundo vya mikono.

"Dada," baba akasema, "vituko vyote vile ili uingie humu?"

"Sasa ulidhani nini? Ningekuwa na kinyaa na wewe si ningekaa kwangu, nimenyoosha miguu? Fungua mdomo."

Akaufungua. Kijiko kimoja, kingine, kingine tena. Machozi yakamshuka shangazi mpaka kidevuni.

"Unalia?"

"Nani analia? Nimekatazwa kujigusa uso. Meza."