Vitenge Kwenye Geti la Chuo

Kaka yangu alituomba kitu kimoja tu: tusije. Aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni mwa saluni, kofia yake ya ulinzi mikononi, kama mtu aliyechelewa misa.

"Jumanne mubaki hapa. Wote. Hata wewe, mdogo wangu. Nikishinda, nishinde kwa miguu yangu."

Akaenda zake kazini. Sisi tuliobaki ndani tukatazamana, na mteja niliyekuwa namsuka akageuza kichwa kabisa ili asikose kitu, nikamrudisha kwa kidole.

Mama Nyimbo ndiye aliyeanza. Huyo ni fundi cherehani wa chumba cha pili, mama wa Bukavu kama sisi, na tulimwita hivyo kwa sababu hakuna wimbo ulioanza uwanjani bila yeye. "Mwanamume akisema musije," alisema, "ana maana mukuje na heshima."

Nieleze kwanza ilikuwaje. Tunaishi Bellevue, hapa Johannesburg, kwenye moja ya zile nyumba za zamani zilizogawanywa vyumba, na sebule yake ndiyo saluni ninaposuka. Chini ya barabara, ukishapita robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, kuna chuo chenye timu ya mpira inayocheza kila Jumamosi, na kuingia ni bure. Tulianza kwenda wawili watatu, baada ya muda tukajaza jukwaa lote: Wakongomani wengi, Warundi kiasi, na kinyozi mmoja Mtanzania ambaye kelele zake zilitosha watu kumi. Wanafunzi wenyewe walikuja wachache. Basi timu ya chuo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekisomea ikawa yetu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini siku za Jumamosi nilisema "chuo chetu" bila aibu, na chinichini nilikuwa natangaza mpira kwa Kiswahili, kwa sababu ndoto yangu ni hiyo, nisikike redioni. Wateja wangu wamezoea. Nasuka huku natangaza: anaikokota, anaingia kati, lo!

Kaka yangu alikuwa golikipa kule nyumbani. Msimu mmoja alishuka jukwaani akamwonyesha kipa wa chuo jinsi ya kusimama kwenye kona, na toka hapo akawa anawafundisha makipa bure, kila alipopata nafasi. Kisha kocha msaidizi akahama. Chuo kikatangaza kazi, ya mkataba na mshahara.

Kwetu haikuwa habari ya mpira peke yake. Duka la simu alilokuwa analinda Hillbrow lilikuwa linafungwa, na binamu yetu wa Cape Town alishamwekea nafasi ya ulinzi huko. Akiipata ya chuo, anabaki. Akiikosa, anapanda basi. Na mimi, katika mji huu mzima, nilikuwa na damu yangu moja tu. Ndiye aliyenileta hapa, ndiye aliyenifundisha kuvuka barabara, na kuitika "sharp", yaani sawa, hata pale ambapo sijaelewa kitu.

Kwa hiyo tulikuwa tumempigania. Kila mechi tuligeuza nyuso zetu toka uwanjani, tukaimba tukielekea madirisha ya ofisi. Kinyozi naye alikuwa na silaha yake, maana mkuu wa michezo wa chuo alikuwa ananyolewa kwake.

"Nilimwambia, aisee bosi, yule jamaa ni mtu safi, mpe kazi," kinyozi alitusimulia.

"Akasemaje?"

"Akakubali. Kila nilichosema alikubali."

"Ulikuwa umefika wapi na kunyoa?"

"Nilikuwa na wembe hapa," akagusa koo lake.

Tulicheka mpaka Mama Nyimbo akakaa chini. Lakini mkuu wa michezo hakucheka. Alimwita kaka yangu akamwambia wazi: waliobaki ni wawili, wewe na mwenzako wa hapa hapa Joburg. Jumanne kila mmoja atafundisha mazoezi mbele ya kamati. Atakayeletewa kelele na watu wake, namtoa siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu kaka alikuja mlangoni na kofia mikononi.

"Na kelele hatutapiga," alisema Mama Nyimbo. "Hatutaimba, hatutasema hata neno. Tutatandika vitenge tu. Kitambaa hakina mdomo."

Nikaona kabisa kwa macho yangu. Kwetu mtu wa maana akifika, bibi harusi, askofu, mchezaji aliyeleta kombe, wanawake wanatandika vitenge chini apite juu yake, mguu usiguse vumbi. Hakuna aliyewahi kumtandikia kaka yangu. Akilini nilimwona akipita taratibu, kifua mbele, wanakamati wakichungulia dirishani wakiulizana, huyu ni nani anayeheshimiwa hivi? Nikaenda kufungua sanduku, nikatoa kitenge alichonipa mama siku naondoka, cha manjano, kina ndege wa buluu.

Jumanne asubuhi baridi ilikuwa inauma. Nyasi za chuo zilikuwa zimekauka kahawia, na mlinzi wa geti dogo, mtu wetu, alitufungulia akajifanya anatazama simu. Tulikuwa wanawake watano na kinyozi. Tulitandika toka getini mpaka kwenye mlango wa waya wa uwanja, kimoja baada ya kingine, na changu kikawa cha mwisho kabisa, mlangoni. Geti hili tulilichagua kwa akili. Kaka angeshuka kwenye taksi, daladala za huku, angepita hapa kwa miguu. Yule mwingine, mtu wa hapa mwenye vyeti, angeingia na gari lake kwenye geti kubwa la upande wa pili. Hilo hakuna aliyelijadili, tulikuwa na hakika nalo kama tulivyokuwa na hakika kwamba jua litatoka.

Taksi ikasimama. Akashuka mwanamke.

Alikuwa kijana, begi la mipira begani, njumu tayari miguuni, filimbi shingoni. Alivuka barabara, akaingia getini, akasimama mbele ya kitenge cha kwanza. Akatutazama. Akatabasamu, kwa wasiwasi kidogo, kama mtu aliyeingia kwenye sherehe isiyo yake.

"Ni yeye," kinyozi akanong'ona. "Mwenzake ndiye huyu. Wallahi, amekuja na taksi!"

Mama Nyimbo hakupoteza muda. "Mutoe," alisema kwa meno. "Mutoe vitenge, haraka!"

Akainama akavuta cha kwake. Yule dada alikuwa ameshanyanyua mguu. Akaurudisha chini, kwenye vumbi. Akasogea mbele, na wa pili akavuta chake. Wa tatu. Kila alipokaribia, kitambaa kilimkimbia. Tabasamu lake lilikuwa bado usoni lakini halikuwa na mwenyewe tena. Hakujua mila yetu, hapana, lakini hilo halihitaji kufundishwa. Mtu yeyote anajua anapoondolewa kitu mbele ya miguu yake.

Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, taksi nyingine ilikuwa inasimama, na kaka yangu alikuwa anashuka.

Wa nne akavuta. Nikabaki mimi.

"Mutoto, toa!" Mama Nyimbo alinipigia sauti ya chini. "Kaka yako huyo anakuja! Unataka aende Cape Town?"

Mikono yangu ilishika pindo la kitenge. Bibi yangu alikuwa akisema kitenge kikishatandikwa na mgeni akakiona, hakiondolewi. Hata akitangulia mwizi kukikanyaga, mwache apite, utakifua. Lakini bibi hakuwa na kaka wa kupoteza asubuhi ile. Nilimtazama kaka akingoja magari yapite ili avuke. Nilimtazama yule dada. Alikuwa ameacha kututazama sasa, anatazama chini tu, anatafuta pa kukanyaga.

Nikaachia pindo.

"Pita, sisi," nikamwambia, kwa neno lao la kumwita dada.

Alisimama kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea. Akainama akafungua kamba za njumu zake, akazivua zote mbili, akazishika mkononi, akapita juu ya ndege wa mama yangu na soksi. "Ngiyabonga, sisi," alinishukuru kwa Kizulu, nikaona macho yake yana maji. Huenda ni baridi.

Kaka akafika. Alikuwa ameona. Alipita pembeni, kwenye vumbi, akaja mpaka kwangu, akakiokota kitenge, akakikung'uta, akakikunja vizuri pande nne, akanipa. Nilijaribu kuusoma uso wake, nikashindwa.

Hapo mkuu wa michezo akatoka ofisini, na hatua zake zilitosha kusema. "Ni watu wa nani hawa? Nilionya, au sikuonya?"

Kinyozi akajificha nyuma ya Mama Nyimbo, kana kwamba mtu anaweza kumsahau aliyemwekea wembe kooni. Sisi wengine tukakaa kimya. Kaka angeweza kukaa kimya pia. Kulikuwa na mlinzi wa kusingiziwa, kulikuwa na barabara iliyojaa watu.

"Ni watu wangu, bwana," alisema. "Huyu ni mdogo wangu."

Nikasema moyoni basi, imekwisha, na tumeimaliza sisi wenyewe.

Mkuu alifungua mdomo. Lakini yule dada alikuwa amekaa kwenye benchi anafunga njumu zake, na bila kuinua kichwa akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Kelele gani? Mimi sijasikia kelele. Na juu ya kitambaa nimepita mimi, si yeye."

Mkuu akamtazama yeye, akamtazama kaka, akautazama mzigo wa vitenge mikononi mwetu. "Eish," alisema. Halafu: "Tuanze."

Tulitazama kupitia waya. Dada alianza, kaka akafuata. Kaka alifundisha vizuri, nisidanganye. Makipa wake walijirusha kwenye ardhi ile ngumu kama wanajirusha kwenye godoro, kwa ajili yake. Mama Nyimbo alitafuna pindo la kilemba chake mpaka likalowa, na hakunisemesha. Mimi, ambaye natangaza hata watu wanaocheza karata, siku ile mtangazaji wangu alipotea. Nilitazama tu wale watu watatu wa kamati wakiinamiana kunong'ona, na sikujua wananong'ona kuhusu mpira au kuhusu sisi.

Simu ilikuja Alhamisi, kaka akiwa amekaa saluni kwangu anakula maandazi. "Yes, sir," alisema. "Yes. I understand, sir." Nilikuwa nimeshika msuko mmoja wa mteja na sikuweza kuufunga wala kuuachia. "Thank you, sir." Akaiweka simu mezani, akamaliza andazi lake lote kwanza, huyo ndiye kaka yangu.

"Wamempa yeye."

"Ni kwa sababu ya kitenge," alisema Mama Nyimbo, akinitazama mimi.

"Mama, hapana. Nimeambiwa. Ana cheti kikubwa cha ukocha, mimi sina. Walijua toka mwanzo. Walitaka tu kutuona."

"Cheti!" Mama Nyimbo akapiga kofi. "Mutu ametandikiwa njia, ameingia na baraka, utamushinda na nini? Mudogo wako ndiye amemupa kazi."

Kaka akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya kunivusha barabara. "Ungekivuta na wewe, nisingeingia ule uwanja. Ningerudi kwenye taksi. Umesikia?"

Nilisikia. Nililia hata hivyo, na yule mteja maskini akanishika mkono, kichwa chake nusu kimesukwa nusu bado.

Basi la Cape Town lilikuwa la Jumapili. Jumamosi timu ilicheza, kocha msaidizi mpya akiwa pembeni ya uwanja kwa mara ya kwanza. Jukwaa letu lilijaa kama kawaida, ila kila mtu alikuwa amekunja mikono. Hilo lilipangwa: hakuna kuimba. Wachezaji walitoka wakapunga, hakuna aliyeitika. Yule dada aligeuka akatutazama, na niliona amesimama vilevile kama pale getini, anatafuta pa kukanyaga.

Kaka alikuwa kati yetu, shabiki tu. Sijawahi kumsikia akiimba maishani, hata kanisani anachezesha midomo. Akasimama. Akakohoa. Akaanza ule wimbo wetu wa kumpokea mtu, peke yake, na sauti ilimtoka kama mlango usiotiwa mafuta. Watu wakageuka. Mstari wa kwanza aliuharibu, wa pili akausahau, akaurudia wa kwanza.

Kinyozi akaangua kicheko. "Mwanangu, unamkaribisha au unamfukuza?"

Kaka hakunyamaza. Shingo ilikuwa imemvimba, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na yule dada kule chini alikuwa amesimama, hajajua bado kama anachekwa.

Mama Nyimbo alivumilia, akavumilia. Alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Mwisho akasimama, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Mungu wangu, huyu atatuaibisha mbele ya watu," alisema. "Kaa chini, mutoto. Kaa. Wimbo hauimbwi hivyo."

Na akauanza upya, toka juu.