Vioo vya Upande wa Kushoto

Akeyo alikuwa amechoka, na yeyote aliyemkaribia alilazimika kujua hivyo. Alichoka kabla ya chai ya asubuhi, akachoka zaidi akifungua kibanda chake cha vioo pale Lanet, na kilichomchosha kuliko vyote, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa mume wake. Tangu astaafu kiwandani, Makokha alikaa kutwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, redio pajani. Kazi yake pekee ilikuwa kuamka mapema na kufagia kibanda. Akeyo aliwaambia wateja kwamba ameolewa na mlinzi wa kiti. Wateja walicheka, na Makokha naye akacheka.

Kazi yenyewe haina huruma kwa macho. Unakata vioo vya rangi, unavipanga juu ya kioo cheupe, kisha unaviingiza kwenye tanuri ya umeme mpaka vilainike na kushikana. Tena kile kitakachotoka chekundu hakiingii chekundu. Huingia na manjano hafifu ya nyasi kavu, na ukikiweka karibu na kioo cha manjano halisi utadhani ni pacha. Moto ndio unaotoa wekundu. Akeyo alivitofautisha kwa kuviinua dirishani, maana chekundu huwa na dalili ndogo ya uwaridi. Kwenye rafu yake vyekundu vilikaa kushoto, manjano kulia, naye alijivunia sana mpango huo.

Siku hizi dirisha lilikuwa na ukungu. Alilaumu vumbi, akalaumu mvua. Makokha alipomwuliza kama anaona vizuri, alimjibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama, akamrudisha kwenye kiti chake.

Kisha kanisa moja la Naivasha, lenye waumini wengi wachuma maua, likaagiza dirisha la mawaridi mekundu. Wiki hiyohiyo Makokha akaenda Kakamega kumzika mjomba wake. Vioo vipya vikaja. Akeyo akavipanga rafuni jioni, kama alivyovipanga siku zote, na asubuhi akachukua vya kushoto, akakata, akawasha tanuri. Akangoja ipoe kabisa, kwa kuwa ukiifungua kwa pupa kioo hupasuka.

Alipofungua, mawaridi matatu yalikuwa mekundu. Manne yalikuwa yamepauka, manjano ya ugonjwa. Akeyo aliketi sakafuni. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku aliyomzika mamake, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Akaamua kufunga kibanda moja kwa moja.

Makokha alirudi jioni na mfuko wa njugu. Akalitazama dirisha la mawaridi, akautua mfuko.

"Mama Quincy, hiyo ni makosa yangu," akasema. "Nilienda bila kukupangia vioo."

Akeyo hakuelewa mara moja. Akamwuliza amekuwa akivipanga tangu lini. Tangu Krismasi ya mwaka juzi, Makokha akasema, kila alfajiri, kabla ya kufagia. Aliona jinsi mkewe anavyovichanganya.

"Na hukuniambia?"

"Kila siku unasema umechoka. Niliona nikikuambia, utaacha."

Akeyo aliona aibu, ile ya kweli inayochoma masikio. Alikumbuka wateja wote waliokuwa wamekicheka kile kiti. Hakuomba msamaha, hakuwa mtu wa hivyo. Makokha akasema Jumatatu wataenda hospitali macho yapimwe, naye hakubisha. Lakini kanisa lilitaka dirisha lake Jumapili, na lote lilipaswa kuanzwa upya.

Akaenda mlangoni, akakiburuta kiti cha plastiki mpaka kwenye meza ya kukatia. Akachukua kioo rafuni.

"Baba Quincy, kaa hapa. Hii ni gani?"

"Nyekundu."

Akeyo hakukiinua dirishani. Alichukua kisu cha vioo, akakata.