Jezi Namba Saba Haijakauka

Shangazi yangu amefua jezi za shule yetu kwa miaka kumi na tisa, na ukimuuliza kazi yake atakwambia yeye ni mfuaji tu. Usimwamini. Kufua anafanya kwa mikono. Kwa macho anasoma. Mpe kaptura moja yenye matope, naye atakusimulia mchezo mzima vizuri kuliko aliyekaa jukwaani.

Chumba chake kiko nyuma ya bwalo: sinki mbili za saruji, mashine moja ya kufulia inayorukaruka ikianza kukamua mpaka inabidi aikalie, na kamba tatu za waya uani. Hapo ndipo alipomwambia kocha wetu, mbele ya watu, kwamba kipa wake anaogopa kuanguka, maana kaptura zake zinarudi safi kama za mgeni rasmi. Kocha alinuna wiki nzima, kisha akamfundisha kipa kuanguka. Hapo pia ndipo alipojua kwamba beki wetu wa kulia ana mchumba, kabla mama mtu hajajua, kwa harufu ya manukato ya kiume kwenye kola. Hakumwambia mtu. Shangazi ana mdomo, lakini kufuli pia analo.

Mimi nilikuwa nahodha wa timu hiyo ya wasichana, beki wa kati, na niliishi kwa shangazi kwa sababu kwetu ni mbali na shule. Nasema haya mapema ili usije ukadhani nasimulia nikiwa na mikono safi. Balaa nililileta mimi, tena kwa ukarimu, na hakuna njia mbaya kama hiyo, kwa sababu unaharibu huku unajipongeza.

Timu yetu ilikuwa na kapu. Kapu la plastiki, la bluu, limebaki na mpini mmoja, linakaa chini ya benchi. Ndani kulikuwa na vibanio vya nywele, kamba za viatu, bandeji, mafuta ya mgando, pedi, na soksi zilizopoteza wenzao. Ulicho nacho cha ziada unaweka, unachohitaji unachukua, na anayeuliza "hiki cha nani" anaonekana mchoyo. Tulijivunia kapu hilo kuliko vikombe, labda kwa sababu vikombe hatukuwa navyo.

Mwaka huo nilivunjika mkono, nikafanyiwa upasuaji, na hospitali ikanipa vidonge vikali vya maumivu, tramadoli. Nilimeza siku tatu tu, mkono ukatulia. Shangazi akaniambia vilivyobaki nivirudishe dirisha la dawa hospitalini. Nikaitikia "ndiyo, shangazi" kwa ile sauti ya mtoto ambaye mawazo yake yameshatoka mlangoni, na kesho yake nikavitia kapuni. Niliona ni dhambi kutupa dawa nzuri wakati wenzangu wanateguka kila Jumamosi.

Sasa nije kwa winga wetu. Tulimwita Chiriku, kwa kuwa aliongea tangu anaamka mpaka analala, na dada yake aliapa kwamba hata usingizini hakosi neno. Alikuwa anakimbia na mpira huku anamsimulia beki wa timu pinzani vituko vya jirani yao, na beki wa watu akitega sikio asikie mwisho wake, Chiriku keshampita. Jezi yake ilikuwa namba saba. Shule nzima ilijua kwamba siku ya fainali watakuja walimu wa chuo cha michezo kuchagua msichana mmoja wa kumsomesha bure, na shule nzima ilijua ni nani. Mama yake, ambaye ni mshonaji, alikuwa ameanza kumshonea begi la safari.

Wiki chache kabla ya nusu fainali, Chiriku alianza kunyamaza. Sisi tukadhani ni utu uzima umeingia. Akawa anasinzia darasani, anajikuna pua na shingo, ukimwita anaitikia kama mtu aliye chumba cha pili. Uwanjani lakini alikimbia vilevile, na kwenye nusu fainali alifunga mabao mawili. Tulimbeba juujuu, mimi nikiwa mmoja wa wabebaji, na mkono wangu mbovu.

Jumatatu yake shangazi aliniita uani. Alikuwa ameigeuza soksi ya kulia ya namba saba ndani nje na kuitandaza juu ya ndoo. Kisiginoni damu ilikuwa imekauka, si tone, ni damu ya kidonda kilichosuguliwa mchezo mzima. Upande wa kidole kidogo, soksi ilikuwa imelika mpaka nyuzi. Akaniuliza kama Chiriku alichechemea. Nikasema hapana, alikimbia mpaka filimbi ya mwisho.

"Huu mguu ulikuwa unakwepa," alisema. "Ona, umekanyagia ukingo muda wote. Mguu unajua kwamba unaumia, mwenye mguu hajui. Nani kamziba masikio?"

Nilijua palepale. Nilikumbuka kapu, nikakumbuka pakiti ile niliyoiweka katikati ya bandeji kwa madaha kama natoa zawadi ya harusi. Nikamwambia sijui. Nilikuwa mwoga, na siku mbili nzima niliendelea kuwa mwoga bila kupumzika.

Jumatano Chiriku alinifuata kwenye bomba la maji. Aliniuliza, huku anatazama pembeni, kama nyumbani havikubaki vingine. Nikamuuliza vya nini, mguu unauma?

"Mguu hauumi," alisema. "Nisipovimeza ndiyo naumwa mimi. Mwili mzima."

Kisha akacheka, akaniomba nisimwage mtama mpaka Jumamosi ipite, mpaka walimu wa chuo wamwone. Vya kapuni, alisema, vilikuwa vimekwisha zamani. Alikuwa akinunua kwa kijana mmoja anayeuza vifuniko vya simu karibu na stendi, na kijana mwenyewe siku hizi alikuwa anampa vya rangi nyingine, anadai ni vilevile ila vina nguvu zaidi. Alinieleza haya kwa sauti ya chini, bila utani hata mmoja, na huo utani uliokosekana ndio ulionitisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, nikamweleza yote. Alikaa juu ya mashine ingawa ilikuwa imezimwa.

"Nilikwambia uvirudishe."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukaniitikia hivyohivyo."

Akasema amenikasirikia, na ataendelea kukasirika mpaka atakaponiambia amemaliza, kwa hiyo nisimsumbue kila saa kumuuliza. Kisha akavua aproni, akaenda kwa kina Chiriku. Chiriku alikana kila kitu huku anatabasamu, na mama yake, ambaye hakuwahi kumkuta mwanawe na uongo mkubwa kuliko wa kulamba sukari, akamwamini mwanawe. Shangazi akamwonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akatoka. Akaenda kwa kocha. Kocha alisema mtoto mwenyewe anasema haumwi, na akamalizia kwa neno ambalo shangazi alirudi nalo nyumbani, akawa analitia kwenye kila sufuria aliyoisugua: "Shangazi, wewe shughulika na nguo. Miguu niachie mimi."

Jumamosi ilifika na jua kali la kupasua mawe. Shangazi ndiye hugawa jezi, moja moja, akiita namba, nasi tunapokea kwa foleni nje ya chumba chake. Akaita moja, mbili, mpaka sita. Akaita nane.

Kocha akauliza saba iko wapi.

"Haijakauka," alisema shangazi.

Kwa jua lile, hata bwalo lingelowekwa lingekauka. Kocha akaenda kuangalia mwenyewe, akaikuta jezi ndani ya beseni, inaelea. Baadaye shangazi alikiri kwamba tangu alfajiri alikuwa anaianika na kuirudisha majini, anaianika na kuirudisha, kwa sababu hapendi kusema uongo na alitaka iwe mbichi kweli. Kocha akamwomba aikamue, itavaliwa hivyohivyo. Chiriku naye, machozi yakimtoka, akasema ataivaa hata ikiwa inachuruzika.

"Jezi nitakupa, Mwalimu," shangazi alisema. "Ikichanika nitaishona, ikichakaa nitaomba nyingine. Huyu mtoto akichanika, utamleta kwangu nimshone?"

Nilimwona Chiriku ananitazama, ananisihi kwa macho ninyamaze, na nilimpenda sana Chiriku, nampenda mpaka leo, na ndiyo maana nilipiga moyo konde. Nikasema mbele ya timu nzima kwamba vile vidonge vilikuwa vyangu, niliviweka kapuni mimi, baada ya kuambiwa nivirudishe. Sikutaja jina la mtu. Nilisema la kwangu tu, na lilikuwa zito vya kutosha.

Chiriku alikaa chini kwenye saruji. "Nimemeza viwili asubuhi," alisema, akafunika uso.

Kocha, na hapa nimpe haki yake, hakufoka. Alichuchumaa, akafungua kamba za kiatu kwa mikono yake mwenyewe, akavua soksi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kamba zimeacha alama. Akaubonyeza juu kidogo ya vidole, akamuuliza kama panauma, Chiriku akatikisa kichwa kukataa. Wote tuliuona mguu ule, wote tuliona kwamba ulipaswa kuuma. Kocha akanyanyuka, akamwambia shangazi, "Nisamehe."

"Nenda ukacheze mpira," shangazi alimjibu. "Mimi nampeleka hospitali."

Tulifungwa matatu. Moja nililifunga mimi, kwenye goli letu, kwa kichwa, bao zuri sana kama ungeondoa habari ya mwelekeo. Walimu wa chuo walimchagua kipa wetu, aliyeanguka siku nzima vizuri ajabu kwa kuwa hatukumpa nafasi ya kusimama. Alilia, akasema nafasi ile si yake. Shangazi alimwambia kaptura yake inasema ni yake.

Picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa wa mguu. Daktari alisema mchezo mmoja zaidi na mfupa ungeachana kabisa. Vidonge, alieleza, havikuwa vimeponya chochote. Vilikuwa vinaunyamazisha mguu tu huku ufa unaongezeka. Kuhusu vidonge vyenyewe hakumgombeza wala hakumwambia aache ghafla akiwa peke yake. Alimpangia namna ya kupunguza, akataka amwone kila baada ya siku chache, na mama mtu akae naye karibu. Mama mtu alikaa. Zilikuwa wiki mbaya: Chiriku alitoka jasho, alitapika, mafua hayamwishi, na siku moja aliniambia hatasema na mimi tena maisha yake yote. Alivumilia mpaka saa kumi jioni.

Mchana alishinda kwa shangazi, mguu wenye plasta ngumu ukiwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakamua soksi. Shangazi alisema mikono isiyo na kazi hukumbuka mambo. Alimpa soksi za timu, za timu ya wavulana, na zilipokwisha akalowesha mapazia ya bwalo ambayo hayakuwa machafu. Begi la safari lilikaa juu ya kabati la mama yake, na hilo lilituuma wote.

Kapu halikutupwa, ila siku hizi shangazi analipekua, na dawa ikionekana humo mwenye dawa anakwenda kuirudisha hospitalini akiwa ameshikwa mkono. Najua, kwa sababu wa kwanza kushikwa mkono nilikuwa mimi, bila hata kidonge cha kurudisha, nikaonyeshwa hilo dirisha la dawa kama mtoto anayeonyeshwa choo. Jambo jingine alilianzisha bila kumwomba mtu ruhusa. Kabla ya kukupa jezi anakuuliza, "Panauma wapi?" na usipojibu, jezi hupewi. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Beki wa kulia alisema panauma moyoni, shangazi akamjibu kwamba huo ugonjwa anaujua na haumzuii mtu kuvaa kaptura. Kocha mwenyewe aliulizwa, akakiri kiuno. Lakini kidogo kidogo wakaanza kusema: goti, nyonga, tumbo la mwezi, na mmoja akasema nyumbani wanagombana. Waliosema ukweli hawakunyang'anywa nafasi, ila walipumzishwa pale ilipobidi, na nafasi iliwasubiri.

Chiriku alirudi uwanjani muhula uliofuata, mchezo wa kirafiki tu, hakuna chuo wala mgeni. Tulipanga foleni. Shangazi aliita saba, akaishika jezi kifuani, akauliza swali lake.

"Mguu hauumi," Chiriku alisema. "Ila jana nilivitamani."

Sisi tulikuwa kumi na wanane, na kila mtu alisikia.

"Ukafanyaje?" shangazi aliuliza.

"Nilikuja hapa, palikuwa pamefungwa. Nikampigia nahodha."

"Akasema nini?"

"Hakupata nafasi ya kusema. Niliongea mimi."

Ni kweli. Aliongea mpaka simu yangu ikazima chaji, na mengi yalikuwa ya jirani yao. Wasichana walicheka, Chiriku akacheka zaidi yao. Shangazi alitoa ufunguo wa chumba cha kufulia mfukoni mwa aproni, akauweka juu ya jezi, akamkabidhi vyote kwa mikono miwili. Kisha akajifuta macho kwa jezi namba nane, bila kumwomba radhi mwenye nayo, akamgeukia.

"Na wewe, panauma wapi?"